Kodi ya Jengo Alipe Mwenye Jengo
(Hotuba kwa wanachama wa Tandika, Temeke)



Hatukuja kuwaambia msilipe kodi. Barabara zenu mnazijua zilivyo, na hazitatengenezwa kwa maneno. Tumekuja kuuliza: kodi ya jengo ni ya nani?

Agosti 2021 Serikali ilianza kuikata katika umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Julai 2023 ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Mdaiwa ni mwenye jengo, lakini anunuaye umeme ni mpangaji. Nyumba ina vyumba sita na mita moja; atanguliaye kununua mwezi ukianza ndiye akatwaye. Mama muuza vitumbua akinunua wa 2,000, hubakiwa na 500, na makato mengine bado. Wako wanaokaa gizani siku mbili wakimvizia jirani anunue kwanza!

Tena nyumba isiyo ghorofa ya Masaki hukatwa sawa na ya Tandale, na zote ziko Kinondoni. Usawa gani huo?

Tuliambiwa tuelewane na wenye nyumba. Mpangaji ataelewanaje na mtu awezaye kumtoa kesho? Sisi twataka sheria imlazimishe mwenye nyumba kuipunguza fedha hiyo katika kodi ya pango. Basi msifute ujumbe wa LUKU katika simu zenu. Uleteni tawini Jumapili, tuuandike. Jumatatu tutakwenda nao kwa diwani.