Nani Alipe Kwanza? Fedha za Kusafisha Mafuta na Kemikali katika Ukanda wa Tunduma



Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakalikimbilia na vidumu, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tangu hapo tumewaasa wananchi wasichote mafuta kwenye ajali, na ni haki kuwaasa. Lakini lipo swali ambalo halisemwi sana: lori likilala barabarani na shehena inavuja, nani analipia mchanga, povu la kuzimia moto, pampu ya kuhamishia mafuta, kuondoa udongo uliolowa na kupima visima vya jirani? Na fedha hiyo inapatikana saa ngapi?

Barabara inayopita Morogoro ndiyo hii inayofika mlima Senjele, ikapita Mlowo na Vwawa, ikaishia kwenye foleni ya malori Tunduma. Humo zinapita petroli na dizeli za Zambia na Kongo, sulfuri ya migodi ya shaba iliyofunikwa turubai, na kemikali za kila namna. Wilaya ya Songwe ina machimbo ya dhahabu, na kuchenjua dhahabu mara nyingi hutumia sianidi au zebaki. Ardhini limelala bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968 kwa mafuta ghafi na sasa linasafirisha dizeli. Mkoa wetu wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, ukiwa tayari na mzigo huu wote mgongoni.

Naomba tulitazame suala la maji kwa makini. Mito yetu mingi huteremkia Ziwa Rukwa, na upande wa Ileje maji huenda Ziwa Nyasa. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Kinachoingia humo hakina njia ya kwenda baharini. Moto hukatisha roho kwa dakika chache na dunia nzima hujua. Dizeli iliyozama kwenye udongo wa Mbozi haina kishindo, ila mama anayechota maji bondeni ataionja kwa miaka.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema mchafuzi alipe, na NEMC ina uwezo wa kumwamuru arejeshe mazingira katika hali yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, pamoja na mfuko wa taifa. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inasimamia kemikali, EWURA inasimamia mafuta. Kwenye karatasi, hakuna pengo.

Pengo liko kwenye saa sita za kwanza. Dereva amekimbia au yuko hospitali. Mwenye gari yuko Dar es Salaam, mwenye mzigo yuko Lubumbashi, na kampuni ya bima inataka ripoti ya polisi kwanza. Mkurugenzi wa halmashauri anatazama mapato ya ndani na haoni kasma ya kazi hiyo. Mtendaji wa kata hana hata posho ya vijana wa kulinda eneo. Wakati huo mvua inaanza. Mchafuzi atalipa, sawa, lakini atalipa baada ya kesi, na mto hausubiri hukumu.

Jirani zetu wameyaona haya. Mwaka 2015 bomba la mafuta lilivuja katika bonde la Thange, Makueni, nchini Kenya, likaharibu mto na mashamba; wananchi walikaa mahakamani hadi mwaka 2025 kabla ya kuamuliwa walipwe fidia. Zambia, Februari 2025, bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba lilipasuka karibu na Kitwe, maji yenye asidi yakaingia kwenye mfumo wa mto Kafue. Serikali haikumngoja mwenye mgodi. Ilituma ndege kumwaga chokaa mtoni kupunguza ukali wa asidi, huku ikisema gharama ni za kampuni. Mpangilio huo ndio ninaoutetea mbele yenu: serikali itangulie kulipa, kisha imdai aliyechafua mpaka senti ya mwisho.

Marekani waliuweka utaratibu huo katika sheria ya mwaka 1990, baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989. Upo mfuko uliojengwa kwa senti chache za kila pipa la mafuta, na msimamizi wa serikali aliyeko kwenye tukio huutumia mapema bila kungoja kesi. Mfuko wa namna hiyo unafaa pia wakati wa mafuriko, kwa sababu pipa la kemikali lililozolewa na maji mara nyingi halijulikani mwenyewe.

Sisi si wageni wa njia hii. Barabara zetu zinatengenezwa kwa tozo ya kila lita ya mafuta kupitia Mfuko wa Barabara. Mawakala wa forodha hapa Tunduma wanajua kuwa mzigo wa kwenda nje hauondoki bandarini bila dhamana ya forodha, ili kodi ya serikali isipotee. Kama tunaweza kudai dhamana ya kulinda kodi, tudai na dhamana ya kulinda kisima. Kila lori la mafuta au kemikali hatari liwe na bima inayotaja waziwazi gharama za kusafisha, na lichangie kiasi kidogo pale kwenye kituo cha pamoja cha forodha, ambako nyaraka zake zinakaguliwa hata hivyo. Fedha ziingie kwenye mfuko wa maafa, na mkoa upewe masurufu ya kutumia siku ileile ya ajali.

Wasafirishaji watasema tunawafukuza waende bandari za Beira au Walvis Bay. Hoja hiyo naiheshimu, maana mji huu unaishi kwa malori. Lakini barabara ikifungwa Senjele, foleni hiyo itawagharimu zaidi ya mchango wowote.

Vifaa vingi viko karibu. Bonde la Momba lina pumba za mpunga zinazonyonya mafuta. Chokaa inachomwa upande wa Mbeya. Kinachokosekana ni mikataba ya bei iliyosainiwa mapema, ili tusianze kutafuta wazabuni kwenye mfumo wa ununuzi wa NeST huku shehena inatiririka.

Kwa kuwa TAZAMA ni mali ya serikali mbili, na Nakonde ya Zambia na Tunduma yetu zinavuta hewa moja, utaratibu wa kugawana gharama uandikwe na pande zote mbili. Wakati hayo yakijadiliwa juu, naomba kila halmashauri iliyopo hapa iingize kasma ya usafishaji katika rasimu ya bajeti ijayo, hata ikianza na fedha ya mchanga, mafuta ya gari la Zimamoto na vipimo vya maji.