Mary Pickford, Mchezaji wa Sinema Zisizo na Sauti



Jioni hii nataka kuwasimulieni habari za mwanamke aliyependwa na mamilioni ya watu ambao hawakupata kuisikia sauti yake. Wazee walio miongoni mwenu wanalikumbuka gari la sinema lililokuwa likizunguka vijijini katika miaka ya 1940 na 1950. Kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani, giza likaingia, picha zikaanza kucheza. Na nyingi katika picha hizo zilikuwa bubu, hata ikapasa mtu asimame kando na kipaza sauti, awaeleze watu kwa lugha yao mambo waliyokuwa wakiyatazama. Basi mpaka miaka ya mwisho ya 1920, karibu sinema zote za dunia zilikuwa hivyo. Piano ilipigwa ukumbini, maneno machache yaliandikwa kati ya picha na picha, na yaliyobaki yote ilikuwa kazi ya uso na mikono ya mchezaji.

Katika kazi hiyo hakuna mwanamke aliyepata sifa kumpita Mary Pickford. Alizaliwa mjini Toronto, katika nchi ya Kanada, tarehe 8 Aprili 1892, akaitwa Gladys Smith. Baba yake alifariki mwaka 1898, akamwacha mjane, Bibi Charlotte, pamoja na watoto watatu wadogo, na Gladys ndiye kifungua mimba. Mama alishona nguo na kupangisha chumba. Mpangaji mmoja alikuwa msimamizi wa jukwaa katika kundi la wachezaji wa tamthilia, naye akashauri watoto wapelekwe huko wakacheze. Mama alisita, kwa maana siku zile wachezaji hawakuhesabiwa kuwa watu wa heshima; lakini njaa haingojei heshima. Hivyo mwaka 1900, kabla hajatimiza miaka minane, binti huyo alipanda jukwaani, na tangu hapo akawa mmoja wa watafutaji wa chakula cha nyumba ile. Naomba mlishike jambo hili, kwani ndilo linaloyafumbua mengi yaliyofuata.

Mwaka 1907 alipata nafasi katika jumba kubwa la michezo mjini New York, na bwana wa jumba hilo, David Belasco, akampa jina la Mary Pickford. Miaka miwili baadaye kazi ya jukwaani ilipokuwa haba, alikwenda kubisha hodi katika kampuni ya sinema iliyoitwa Biograph. Mwongozaji wake, D. W. Griffith, alitaka kumlipa dola 5 kwa siku. Binti wa miaka kumi na saba akajibu kwamba anataka dola 10, akazipata. Wakati ule kampuni hazikutangaza majina ya wachezaji, basi watazamaji wakamtambua kwa misokoto ya nywele zake, wakamwita msichana wa nywele za dhahabu.

Alipoona kwamba watu wanafika sinema kwa ajili yake, alijua kuwa uso wake una bei. Kila mkataba mpya mama yake alikuwapo pembeni, akihesabu. Mwaka 1916 bwana Adolph Zukor alikubali kumlipa dola 10,000 kila wiki, pamoja na nusu ya faida ya picha zake. Yuko atakayesema kwamba huo ni uroho wa fedha. Mimi sioni hivyo. Mtoto aliyemwona mama yake akihesabu senti za mkate hawezi kulaumiwa kwa kuuliza ni nani anayechukua faida ya jasho lake.

Tena kulikuwa na jambo lililomwudhi kupita mshahara. Mwenye jumba la sinema aliyetaka picha ya Mary Pickford alilazimishwa kukodi na picha nyingine hafifu za kampuni ile ile, kama mwenye duka asiyekubali kukuuzia sukari mpaka ununue na viberiti usivyovihitaji. Jina lake lilikuwa likiuza vitu vibovu. Ndipo tarehe 5 Februari 1919 yeye na Charlie Chaplin, Douglas Fairbanks na Griffith walipounda kampuni yao wenyewe, United Artists, ili watengenezaji wa picha wawe ndio wenye mali. Mwanamke alikuwa mmoja tu kati ya wanne hao, na wala hakuwekwa kuwa pambo: alisoma hesabu, akachagua waandishi, akajua bei ya filamu. Mwaka uliofuata aliolewa na huyo Fairbanks, baada ya kuachana na mume wake wa kwanza.

Lakini nywele zile zilizompatia mkate zilimfunga pia. Watu walimtaka awe mtoto, na mtoto daima. Kwa kuwa alikuwa mfupi, kama futi 5 tu, viti na meza vilitengenezwa vikubwa mno ili yeye aonekane mdogo. Katika picha ya Little Lord Fauntleroy, ya mwaka 1921, alikuwa mama na mwana kwa wakati mmoja. Kuna mahali mwana anambusu mama, yaani Mary anambusu Mary, na kuipata picha hiyo ya sekunde chache kulimgharimu mpiga picha saa nyingi za kazi ya subira. Mwaka 1925 aliwauliza wasomaji wa gazeti la Photoplay wangependa acheze nafasi gani. Wakamtajia hadithi za watoto! Naye alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Mama yake alifariki mwaka 1928. Miezi michache baadaye Mary aliingia kwa kinyozi mjini New York akakata misokoto ile, na habari ikaenea magazetini kama habari ya msiba. Kwa bahati mbaya ndio wakati ule ule sinema zilipoanza kusema. Picha yake ya kwanza yenye sauti, Coquette, ya mwaka 1929, ilimpatia tuzo ya Oscar. Hata hivyo mapenzi ya watu yalikuwa yamepoa. Aliacha kuigiza baada ya picha ya Secrets, ya mwaka 1933. Ndoa yake na Fairbanks ilivunjika mwaka 1936, akaolewa tena mwaka 1937, na hisa zake katika United Artists akaziuza mwaka 1956. Alifariki tarehe 29 Mei 1979.

Wakati fulani alitaka picha zake zote zichomwe moto, kwa kuogopa kwamba watu wa zama mpya watamcheka. Marafiki wakamsihi, akalegea, na nyingi zikahifadhiwa. Mojawapo ni Sparrows, ya mwaka 1926. Humo anawatorosha watoto mayatima kupitia kinamasi, wakishika tawi moja baada ya jingine juu ya maji yenye mamba, na mtoto mchanga amemfunga mgongoni. Hatamki neno. Tawi linapasuka, mamba anafumbua kinywa, naye anageuka tu kuwatazama watoto walio nyuma yake kama wote wapo.