Zuhura na Hesabu ya Siku 225

(Maneno ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima alipozungumza na wanakisomo wa Nkunga, Tukuyu)



Leo tuzungumze juu ya nyota moja ambayo ninyi nyote mnaifahamu. Wakati mwingine huonekana jioni upande wa magharibi, Jua likishatua. Wakati mwingine huonekana alfajiri upande wa mashariki, mnapotoka kwenda kuchuma chai. Inang'aa kushinda nyota zote. Wengi husema hizo ni nyota mbili. Sivyo. Ni moja tu, wala si nyota. Ni sayari, yaani dunia nyingine. Jina lake ni Zuhura. Haina mwanga wake yenyewe, bali inamulikwa na Jua.

Siku moja darasani niliandika ubaoni: "Zuhura hulizunguka Jua kwa siku 225." Wanakisomo wakanakili. Nikafuta ubao, nikadhani kazi imekwisha.

Mama mmoja hakuridhika. Alipoiona Zuhura jioni kwa mara ya kwanza, aliandika tarehe katika daftari lake. Akawa anaweka alama kila siku. Siku ya 225 alisimama mbele ya darasa. Akasema, "Mwalimu, siku zako zimetimia. Nyota bado iko magharibi, wala haijarudi ilikoanzia. Sasa nani mwongo, wewe au nyota?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Wengine walianza kusema kwamba mambo ya vitabuni ni hadithi tu. Nikaona hatari. Mtu asiyeamini hesabu ya ubaoni, kesho ataamini vipi kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko wa mbolea?

Nikamjibu, "Mama, daftari lako ni sahihi. Ubao nao ulikuwa sahihi. Kosa ni langu, sikueleza yote."

Sasa sikilizeni. Juma na Asha wanazunguka mlingoti wa bendera. Juma yuko karibu na mlingoti, anamaliza mzunguko kwa dakika 2. Asha yuko mbali kidogo, anamaliza kwa dakika 3. Wanaanza pamoja. Baada ya dakika 2 Juma amerudi alipoanzia. Je, atamkuta Asha hapo? Hapana, Asha naye amekwenda mbele. Watakuwa pamoja tena baada ya dakika 6. Hapo Juma amezunguka mara 3, Asha mara 2.

Mlingoti ni Jua. Juma ni Zuhura. Asha ni Dunia yetu, nasi tumebebwa mgongoni mwake. Zuhura iko kilomita milioni 108 kutoka kwenye Jua. Sisi tuko kilomita milioni 150. Njia ya Zuhura ni fupi, tena inakwenda mbio kutushinda. Inamaliza mzunguko kwa siku 225, sisi kwa siku 365. Lakini sisi tunaoitazama hatukusimama mahali pamoja. Kwa hiyo, ili tuione inaanza tena jioni kama mwanzo, zinapita siku 584 hivi, yaani mwaka mmoja na miezi 7.

Ushahidi upo. Tarehe 8 Juni 2004 Zuhura ilipita mbele ya Jua, ikaonekana huku kwetu kama nukta nyeusi. Ilipita tena tarehe 6 Juni 2012. Kwa nini miaka 8? Kwa sababu Dunia ikizunguka mara 8, Zuhura huzunguka mara 13, na zote hurudi karibu pale pale. Zidisheni wenyewe: 8 mara 365 ni 2,920. 13 mara 225 ni 2,925. Ni karibu sawa, si sawa kabisa. Ndiyo maana mwaka 2020 haikupita mbele ya Jua. Itapita tena Desemba 2117. Lakini Jua lisitazamwe kwa macho matupu. Hupofusha.

Yule mama bado anaweka alama. Masika, mawingu yakifunika Mlima Rungwe na mbingu yote, huandika "mawingu" na kuendelea kuhesabu.

Nanyi chukueni daftari mfanye hivyo. Na mkiona hesabu ya mwalimu haikubaliani na mnayoyaona, msinyamaze. Ulizeni.