REHANI, MNADA NA VITU VIKUUKUU: SHERIA IMLINDE NANI?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



Tumetakiwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya jioni na kulionea haya mchana. Jambo lenyewe ni kuweka rehani. Wazee wa pwani waliliita kuweka poni, na vijana wa Dar es Salaam siku hizi husema kuweka bondi. Lipe jina lo lote, mambo ni yale yale. Mshahara uko mbali, mtoto ana homa au amerudishwa shule, na mama anafungua sanduku anatoa bangili yake. Baba anatoa cherehani, kijana anatoa simu. Mwenye fedha anakipokea kitu, anakitazama juu na chini, anatoa robo ya thamani yake, na kusema: "Usipokuja mwisho wa mwezi, usinilaumu."

Hatukuja hapa kumtukana mkopeshaji. Fedha yake ni mali yake, wala hakumlazimisha mtu kugonga mlango wake. Lakini twauliza swali moja: watu wawili wanapofanya mapatano, mmoja ameshiba na mwingine ana njaa, ni nani asimame katikati yao? Sisi twasema ni sheria. Na sheria nayo tuitazame vizuri, maana si kila sheria isemayo inamlinda mnyonge humlinda kweli.

Kwanza, rehani yenyewe si haramu wala si aibu. Kur'ani katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 283, inaitaja rehani inayokabidhiwa mkononi pale wasafiri wasipompata mwandishi wa kuandika deni. Na Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, linakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, tena linaamuru kwamba nguo ya maskini irudishwe jua linapokuchwa ili apate kujifunika. Tazameni hekima hiyo. Dini haikukataza rehani, iliiwekea mipaka. Ukimchukulia mtu jiwe la kusagia umemchukulia chakula chake. Leo jiwe hilo ni cherehani ya fundi na baiskeli ya muuza maziwa. Aliyeweka rehani chombo chake cha kazi atapata wapi fedha ya kukikomboa?

Watu wa nchi nyingine waliligundua jambo hili zamani. Katika mji wa Perugia, nchi ya Italia, mwaka 1462, watawa wa Kifransisko walisaidia kuanzisha nyumba ya rehani ya kuwaokoa maskini na riba kubwa. Nyumba za namna hiyo zilienea Ulaya, na mwaka 1775 ikafunguliwa moja katika Mji wa Mexico ambayo mpaka leo inafanya kazi.

Uingereza nayo, nchi iliyotutawala, ilitunga sheria ya rehani mwaka 1872. Tuisome kidogo, maana ina mafunzo. Kila aliyeweka kitu alipewa cheti. Kwa mikopo midogo, faida haikuruhusiwa kuzidi nusu peni kwa kila shilingi mbili kwa mwezi. Fanyeni hesabu wenyewe: shilingi mbili zilikuwa nusu peni 48, basi nusu peni 12 kwa mwaka ni robo, yaani 25 kwa mia kwa mwaka mzima. Mwenye kitu alipewa miezi 12 na siku 7 za kukikomboa. Kama mkopo ulizidi shilingi kumi na mwenyewe hakuja, kitu kiliuzwa katika mnada wa hadhara, na kilichozidi deni kilikuwa haki ya mwenye kitu, akija kukidai kabla ya miaka mitatu kupita. Tena mwenye duka alikatazwa kupokea rehani kwa mtoto mdogo au kwa mtu aliyelewa.

Sheria hiyo ilimfunga nani? Ilimfunga mkopeshaji. Mfanyakazi wa London aliachwa mtu mzima, mwenye akili zake, na aliyetakiwa kufuata taratibu ni yule mwenye fedha.

Sasa tugeuke tutazame kwetu. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Deni la Mwafrika kwa mtu asiye mwenyeji halikuweza kudaiwa mahakamani isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya afisa wa serikali. Tuliambiwa ni kwa faida yetu, tusije tukanyonywa. Lakini matokeo yake yalikuwa nini? Benki ilifunga mlango. Mwenye duka la jumla naye alikataa kumkopesha mfanya biashara wa Kiafrika, maana nani atatoa mali asiyoweza kuidai? Sheria haikumfunga mnyonyaji, ilimfunga mnyonge mwenyewe. Ilimhesabu kama mtoto. Na mtu aliyefungiwa mlango wa mbele hupita wa nyuma, akaingia kwa mkopeshaji wa kichochoroni asiye na cheti wala daftari.

Sheria ile imekwenda na ukoloni. Lakini mawazo yake hayajafa yote, na ndiyo sababu tunayakumbusha leo. Kila inapopendekezwa sheria mpya juu ya madeni na rehani, tuulize kwanza: je, inamfunga mwenye nguvu, au inamzuia tu asiye na nguvu?

Wako watakaosema: basi Serikali yenyewe ifungue maduka ya rehani. Hilo ni wazo zuri, lakini tulipime kwa mfano wa Java. Huko, chini ya Wadachi, haki ya kuendesha nyumba za rehani ilikuwa ikikodishwa kwa mtu atoaye fedha nyingi. Aliyelipa nyingi alitaka kurudisha nyingi, akazikamua kwa maskini. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba yake ya kwanza katika mji wa Sukabumi, kisha ikaichukua kazi hiyo mkononi mwake. Unyonyaji wa wakodi ulipungua. Lakini faida iliingia katika hazina ya Wadachi, na wafanyakazi wenyeji waliendelea kudharauliwa. Mwezi wa Januari 1922, mfanyakazi wa nyumba ya rehani huko Yogyakarta alikataa kubeba vitu kuvipeleka mahali pa mnada, kazi aliyoona si yake, naye akafukuzwa. Wenzake wakagoma, mgomo ukaenea, na Abdul Muis, kiongozi wa Sarekat Islam, akawaunga mkono. Mamia ya wafanyakazi walifukuzwa. Baada ya uhuru Waindonesia waliiendeleza taasisi hiyo, na mpaka leo iko, jina lake Pegadaian. Fundisho ni hili: duka la Serikali huwa duka la watu pale tu watu wanapokuwa na sauti juu ya Serikali.

Kwetu leo hali ikoje? Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kila afanyaye biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, na mikopo ya wale wasiopokea amana imewekewa mpaka wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 100,000 ni shilingi 3,500. Lakini mitaani tunajua sote kuna mikopo inayoitwa kausha damu, na jina hilo halikutungwa na adui wa wakopeshaji. Limetungwa na waliokaushwa. Basi sheria tunayo. Kinachokosekana ni mtu wa kawaida kuijua, na mtu wa kuisimamia kule kichochoroni.

Ndugu zetu, tuje kwenye upande wa pili: wauza vitu vikuukuu na wanunuzi wa vyuma chakavu. Hapa mnyonge ana sura mbili. Yuko mnyonge aliyeibiwa, na yuko mnyonge anayeuza. Aliyeibiwa redio anaikuta sokoni imepakwa rangi. Anayeuza naye anakamatwa kwa kununua bila kujua. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamkamata apokeaye mali huku akijua ni ya wizi. Lakini askari atajuaje nani alijua na nani hakujua, kama hakuna maandishi?

Jirani zetu wa Kenya walitunga Sheria ya Vyuma Chakavu mwaka 2015, inayotaka leseni na kumbukumbu za manunuzi. Hata hivyo, mwezi wa Januari 2022 minara ya umeme ilianguka baada ya kuhujumiwa, nchi ikaingia gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu mpaka mwezi wa Mei. Mwizi mmoja alikata chuma, na maelfu ya waokotaji makopo wakalala njaa. Hivi ndivyo inavyokuwa sheria isiposimamiwa siku za amani: siku ya msiba hupigwa marufuku wote, wema na wabaya pamoja.

Daftari ndilo linalowatenga. Mwuzaji aandike jina la aliyemletea kitu, kitambulisho chake, siku, na alama ya kitu. Simu ina namba yake ya utambulisho. Piga *#06# utaiona. Tangu mwaka 2016, simu bandia zilipozimwa Tanzania, tumejifunza kwamba namba hiyo yaweza kuifungia simu. Basi ukinunua simu kuukuu, iandikwe namba hiyo katika risiti. Ukiibiwa, pelekea polisi na kampuni ya simu habari mara moja.

Wako watakaotupinga. Watasema: mkibana sana, maduka yatafungwa, na maskini ataenda kwa mkopeshaji mkali zaidi. Neno hili lina ukweli, wala hatulipuuzi. Ndiyo maana hatuombi rundo la leseni. Leseni ya bei kubwa humwondoa mdogo na kumwachia mkubwa soko lote. Tena kila karatasi ya ziada ni nafasi ya mtu fulani kuomba chai. Tunaomba masharti machache, yaliyo wazi, yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, hata mtoto wa darasa la nne aweze kumsomea bibi yake.

Masharti yenyewe ni haya. Kwanza, kila rehani iwe na cheti kinachotaja kitu, fedha iliyotolewa, faida na siku ya mwisho. Pili, chombo cha kazi cha mtu kisipokelewe kuwa rehani. Tatu, kitu kisiuzwe kimya kimya. Kiuzwe mnadani mbele ya watu, na kinachozidi deni arudishiwe mwenyewe. Nne, muuza vitu vikuukuu awe na daftari, na mwenye daftari safi asisumbuliwe na mtu.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Vikundi vya kuweka akiba na vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vipo, navyo vinatambuliwa na sheria ile ile ya mwaka 2018. Tawi hili lina watu wa kutosha kuanzisha kimoja. Mwenye shida akikopa kwa wenzake, bangili ya mkewe itabaki mkononi, na faida itabaki mtaani. Tunapendekeza kamati ichaguliwe leo, kabla hatujatawanyika, ipitie maduka ya mtaa wetu na kuandika ni yapi yanayotoa cheti na yapi hayatoi, kisha ituletee majibu katika mkutano ujao.