Ndimu Haitoi Sumu Kwenye Mahindi

(Muziki unashuka.)

Hapa ni Bulumbi. Leo najibu neno linalozunguka kwenye foleni ya mgao: eti ukikamulia ndimu mahindi yenye ukungu, sumu inatoka. Wengine wanasema ni sayansi. Sayansi kidogo imo, ila imepindishwa njiani.

Ukungu ule wa kijani-manjano unaitwa Aspergillus flavus. Ukisumbuliwa na joto au ukame, ndani yake hujaa chembe kali za oksijeni, na hapo hutengeneza sumukuvu kwa wingi. Antioksidanti ni vitu vinavyotuliza chembe hizo, na vitamini C ya ndimu ni mojawapo. Hata kuvu inayoozesha shina la karanga, ile yenye nyuzi nyeupe, ikipewa vitamini C maabara hutoa vidonge vichache vya kahawia, vile vinavyolala udongoni miaka vikingoja msimu.

Lakini sikia vizuri. Huko ni kuzuia sumu kabla haijatengenezwa. Ikishaingia kwenye punje, ndimu haiitoi. Kupika pia hakuimalizi: ugali unaiva, sumu inabaki. Tena ndimu inaongeza maji, na ukungu unapenda maji. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Walikula mahindi yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Basi mama, baba, anika mahindi juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, yarudishe juani. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi, zitoe. Usimpe kuku, wala usipikie pombe.

Najua kutupa chakula kunauma, hasa mgao ukiwa mdogo. Kama gunia la mgao lenyewe limefika na ukungu, usinyamaze na usilichanganye na mengine. Lipeleke kwa wagawaji siku hiyohiyo, pamoja na kadi yako, na umwite kiongozi wa bloku awe shahidi.

Kipindi kijacho, tutazungumzia karanga.

(Muziki unapanda.)