Anza na Gunia Moja Mlangoni

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia, Tunduma)

Wapendwa wajumbe wa kamati, nanyi wahisani wetu mtakaosoma maneno haya mkiwa mbali,

Tunaomba tuanze kwa kukiri kosa. Kwa muda mrefu tumekuwa tukihesabu bustani za nyumbani mwezi Machi. Machi hapa kwetu mvua bado ipo na kila kitu ni kijani, hata uani kwa mtu ambaye hakupanda chochote. Tulipiga picha, tukaandika taarifa. Tuliporudi Agosti tulikuta matuta makavu na kuku wakioga vumbi, na lawama tukawapa akina mama kwamba wamezembea. Haikuwa hivyo. Mkoa wetu wa Songwe hupata mvua msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni kiangazi, na hapa Tunduma wapo wengi wanaonunua maji kwa dumu la lita 20. Nani atamwagilia matuta sita kwa maji ya kununua?

Kwa hiyo anayeanza tunamshauri aanze na gunia moja, karibu na mlango wa jiko, pale ambapo maji ya kuoshea mboga na mchele humwagwa kila siku. Maji yenye sabuni nyingi yaachwe. Changanya madebe mawili ya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, lijaze kokoto, weka udongo kulizunguka, kisha livute juu na urudie hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayopeleka maji hadi chini. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa inachosha, halafu hushangaa miche ya juu ikioza na ya chini ikikauka.

Toboa matundu pembeni, upande miche ya sukuma wiki au chainizi. Juu sia mchicha. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa, maana anakula kabla hajakata tamaa. Zungushia miiba. Kuku hawasubiri.

Mtatuuliza gunia moja litamlisha nani. Halitalisha nyumba nzima. Lakini mahindi Mbozi na Momba yapo. Kinachopungua kwenye sahani ya mtoto ni kile kinacholiwa pamoja na ugali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mboga peke yake haiondoi udumavu. Yanatakiwa pia maharage, mayai, maziwa na maji safi. Ila mboga mama anaweza kuianza wiki hii bila kumwomba mtu fedha.

Wahisani wetu, taarifa ya bustani mtaipata baada ya kuzihesabu Septemba. Idadi itakuwa ndogo kuliko mliyozoea, na picha hazitapendeza sana. Nanyi wajumbe, mbegu hatutazigawa tena mlangoni mwa kanisa. Tutazipeleka nyumbani kwa mtu, na kabla ya kumpa tutaomba atuonyeshe maji yake ya jikoni anayamwaga wapi.