Kuishi na Goti la Bandia

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Kwa desturi ya mikutano yetu, msemaji huzungumzia elimu, uongozi au maendeleo ya shule. Mimi ni mtumishi wa serikali, na pengine mlitazamia niseme juu ya utumishi. Lakini tangu nifike, wengi mmeniona na bakora mkaniuliza: "Wewe si ulibadilishiwa goti? Mbona bado unachechemea?" Swali hilo ni la haki, na si mimi peke yangu ninayeulizwa. Wapo humu wenye goti la bandia, wapo wanaongoja kupasuliwa, na wapo wenye mama au baba katika hali hiyo. Basi nimeona nilijibu hadharani.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: goti la bandia ni msaada mkubwa, lakini kwa baadhi yetu matatizo hayaishi siku ya kutoka hospitali. Matatizo hayo hapana budi yasemwe na yachunguzwe mapema. Kuyasema si aibu, wala si utovu wa shukrani.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Katika goti, mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na kwa mbele pana kifupa tunachokiita pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu telezi kinachozuia mifupa isisagane. Gegedu likilika kwa uzee, kwa maradhi ya viungo au kwa jeraha la zamani, mifupa husagana, goti huvimba, na mtu hukosa usingizi. Langu lilitokana na jeraha. Nilipindika goti nikichezea timu ya shule hii, kano ikakatika, na baada ya miaka zaidi ya ishirini gegedu likawa limekwisha.

Katika upasuaji, daktari hukata ncha za mifupa zilizoharibika, akazivisha madini magumu, na katikati huweka plastiki ngumu ili vyuma visigusane. Fikira hii ni ya zamani. Mwaka 1890 huko Berlin, daktari Themistocles Gluck aliwawekea wagonjwa goti la pembe ya ndovu, lakini vijidudu viliiharibu kazi yake. Goti la namna tunayoijua leo lilipata umbo lake katika miaka ya 1970, hasa kwa kazi ya John Insall na wenzake huko New York mwaka 1974. Hapa kwetu, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hufanya upasuaji huu, kwa hiyo mgonjwa halazimiki kuvuka bahari kwenda India.

Matumaini ya upasuaji ni makubwa, nami sitaki mtu atoke hapa na hofu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba magoti ya bandia 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Hata hivyo, karibu mtu mmoja kati ya watano huendelea kuwa na maumivu ya muda mrefu baada ya kubadilishiwa goti. Kwa sisi tunaopasuliwa kabla ya uzee liko na jambo jingine. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mwanamume anayebadilishiwa goti akiwa amevuka kidogo tu miaka 50 ana uwezekano wa kufika 35 kwa 100 wa kupasuliwa tena maishani mwake. Basi goti hili ni la kutunzwa.

Sasa niseme yale yanayobaki. Mengine ni ya kawaida. Goti huweza kuvimba kwa miezi kadhaa na kuwa na joto kwa muda mrefu. Ngozi ya upande wa nje wa kovu hufa ganzi, kwa sababu vineva vidogo hukatwa wakati wa kupasua. Langu lina ganzi hata leo. Hulia pia "ta, ta" wakati wa kutembea. Ni chuma na plastiki vinagusana, na kama hapana maumivu wala uvimbe mpya, mlio huo si ugonjwa.

Mengine si ya kungoja. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kuwa fupi, huenda damu imeganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Goti lililokuwa limetulia likianza ghafula kuuma, kuwa jekundu, au kovu likitoa majimaji, pamoja na homa au bila homa, huenda vijidudu vimeingia. Jambo hili huwapata watu wachache, mmoja au wawili kati ya 100, lakini laweza kutokea hata baada ya miaka, vijidudu vikipitia katika damu kutoka kwenye jino bovu au kidonda cha mguu. Hapa nawaomba mnisikilize sana. Msikimbilie duka la dawa kununua antibiotiki. Daktari huhitaji kwanza kuvuta maji ya goti na kuyapima. Dawa ikitangulia, vijidudu hujificha kipimo kisivione, huku vikiendelea kuishi juu ya chuma.

Baina ya ya kawaida na ya hatari yapo maumivu ya namna ya tatu, nayo ndiyo yaliyonishika mimi. Mwezi wa sita baada ya kupasuliwa, bado nilikuwa siwezi kushuka ngazi za ofisi bila kushika ukuta, na usiku goti lilikuwa likichoma kama moto. Nilikwenda katika hospitali moja, wakanipiga picha ya eksirei, nikaambiwa: "Picha ni nzuri, nenda nyumbani." Picha nzuri ni habari njema, lakini haiondoi maumivu. Nilitafuta daktari wa pili. Yeye alipima damu na maji ya goti kuona kama pana vijidudu. Akatazama kama chuma kimelegea, kama goti linayumba, kama pia inakwenda njia yake. Akapima na nyonga na mgongo, kwa maana ugonjwa wa nyonga au uti wa mgongo huweza kujitokeza kama maumivu ya goti. Mwishowe akasema kwamba goti lenyewe liko imara, ila misuli ya paja ilikuwa imedhoofika mno kwa miaka ya kuchechemea, na neva za kwenye kovu zilikuwa zimekuwa nyepesi kuuma.

Nilimwuliza kama ingefaa kupasua tena. Jibu lake naliona ni la hekima: kupasua mara ya pili bila kujua sababu ya maumivu ni nadra kuleta nafuu. Kwanza sababu ijulikane.

Tukaanza kazi ya polepole. Kila asubuhi na jioni hukaa kitini, nikanyoosha mguu na kuushikilia hesabu ya kumi. Hujifunza kusimama kutoka kitini bila kusukuma kwa mikono. Hutembea kwa vipimo, nikiongeza kidogo kila juma. Dawa za neva nilipewa na daktari, lakini vidonge vya kupunguza uvimbe navitumia kwa ushauri wake tu, maana vikizidi huchoma tumbo na kudhuru figo. Bakora huishika kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mgonjwa kama wengi wanavyodhani. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Ofisini siketi na mafaili zaidi ya nusu saa bila kusimama. Katika basi natafuta kiti cha kando ya njia ili ninyooshe mguu. Uzito nao nimeupunguza, kwa kuwa kila kilo mtu anayoipunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua.

Yapo yaliyonishinda, nami nimeyatafutia njia. Goti langu hukunjika hadi nyuzi 105. Hiyo yatosha kwa kiti na ngazi, haitoshi kuchuchumaa. Nyumbani kwa wazazi kijijini, tuliweka kiti cha mbao chenye tundu juu ya choo cha shimo, na wazee wenyewe sasa hawataki kiondolewe. Kupiga magoti kanisani kunanikera ingawa hakuvunji kitu. Nikiweka mto navumilia kidogo, nisipoweza nasali nikiwa nimeketi. Wenzetu Waislamu husali juu ya kiti kwa udhuru huo huo.

Ndugu zangu, zito kuliko yote halimo gotini. Wengi wetu hupasuliwa kwa michango ya ukoo, ya marafiki na ya wafanyakazi wenzetu. Mtu aliyechangiwa huona haya kusema kwamba bado anaumwa. Huogopa kuambiwa fedha zimepotea. Hujibu "sijambo" barazani, kisha usiku hulia peke yake. Mwaka mmoja baada ya upasuaji, tulipokutana kwa shughuli ya familia, baba yangu mkubwa aliniuliza mbele ya watu kuhusu goti. Nilimwambia: "Baba, limepungua, lakini bado linauma, na ngazi zinanitesa." Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Zamani ulikuwa huji kabisa, tulikuwa tunakuletea chakula ndani. Leo umekuja kwa miguu yako. Sasa tuambie lililobaki, tujue la kufanya." Tangu siku ile, shughuli za ukoo hunitengea kiti kirefu, wala hapana anayenituma kubeba magunia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Tena kusema mapema kunaponya. Mwaka 2022 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 363 waliokuwa bado na maumivu miezi mitatu baada ya kubadilishiwa goti. Baadhi waliendelea na huduma ya kawaida. Wengine walichunguzwa kikamilifu, wakapelekwa kwa mtaalamu aliyehitajika, na kufuatiliwa kwa simu. Baada ya mwaka, hao waliofuatiliwa walikuwa na maumivu madogo zaidi. Hapakuwa na mashine mpya wala dawa ya ajabu. Waliulizwa, wakasikilizwa, wakafuatiliwa.

Kwenu vijana ninayo maneno machache. Goti mlilo nalo halina spea iliyo sawa nalo. Mchezaji akipindika goti, likatoa mlio na kuvimba siku ile ile, asirudishwe uwanjani, wala asikandwe kwa nguvu na marafiki. Apumzike, awekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, apelekwe hospitali. Na mumwonapo mzee akishuka ngazi polepole, msimharakishe wala msimvute mkono. Mpisheni upande wenye ukuta au reli.

Kwa wanafunzi wa zamani wenzangu naomba jambo moja. Tunao utaratibu mzuri wa kuchangiana wakati wa maradhi na misiba. Mchango wetu usiishie kwenye ada ya upasuaji. Itengwe sehemu kwa ajili ya mazoezi ya viungo na nauli za kurudi kliniki, na mwezi wa tatu mmoja wetu ampigie mgonjwa simu amwulize: "Maumivu yako vipi, na usiku unalala?" Kisha angoje jibu la kweli.

Mimi leo si yule aliyekuwa winga wa kulia. Maumivu yangu yamepungua kutoka yale ya kukesha hadi ya kuvumilika, na kilomita mbili natembea. Huenda nisipate zaidi ya hapo, na bado najitahidi. Yeyote mwenye goti kama langu na asitoke leo kabla hatujazungumza. Nitakuwa chini ya mwembe, mahali penye viti.